Msiba wa Upepo Chang'ombe

Somoe alilipenda lile jengo kupita kiasi, na hakujali nani anamcheka. Lilikuwa la kwanza kuchorwa kwa mkono wake mwenyewe: ofisi ya kampuni ya bima pale Chang'ombe, refu na jembamba, lisilo na kiyoyozi hata kimoja. Zilikuwa siku za ruksa, biashara zimefunguliwa, na kila mwenye fedha mpya alitaka vioo kuanzia chini hadi juu, kisha mgao wa umeme ukija anatoka nje kuhema. Somoe alilielekeza la kwake kusini, upepo uingie madirisha ya mbele na kutokea ya nyuma. Akalishushia paa pana la kuzuia jua, na juu ya milango akaweka matofali ya matundu.

Meneja wa kampuni, Bwana Gaudens, alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mtu mzima mwenye tumbo la heshima. Somoe alikuwa Mzaramo wa Temeke. Basi ni watani, na kwenye utani hakuna mkubwa wala mdogo. Alipoletewa ramani, Gaudens alisema kumwamini Mzaramo ni kujitafutia balaa, kisha akaikubali. Somoe alimpenda kwa hilo.

Siku moja kabla ya ufunguzi, Somoe alikuta makarani wanajipepea kwa mafaili. Madirisha yote wazi, upepo hakuna. Akaangaza macho, akaona: upande wa kusini umesimamishwa ukuta wa mbao mpaka darini, na mlangoni pazia zito la rangi ya damu ya mzee. Nyuma ya pazia Gaudens kakaa peke yake na upepo wote.

"Mtani, hii nini?"

"Ofisi ya meneja. Ulitaka nikae uwanjani, kila karani anaona nikipiga miayo? Na hao wanaolia joto, kesho kutwa fundi wa viyoyozi anakuja. Tutatoboa kuta."

Moyo ulimshuka Somoe. Kuta zitobolewe, mji mzima useme jengo la yule binti limeshindwa! Habari za njia ya upepo alishazieleza mpaka koo likamkauka. Hakurudia. Alitoa khanga mkobani, akajifunga kiunoni, akaketi sakafuni katikati ya ukumbi, mikono kichwani.

"Uwiii! Upepo wetu jamani! Asubuhi alikuwa mzima, Mnyamwezi kamfungia chumbani!"

Makarani walishtuka, kisha wakaelewa. Nani asiyejua vituko vya watani msibani, wanavyolia kwa mzaha? Mama Anjelina wa masjala aliweka faili chini, akaja kuketi kando yake.

"Marehemu alikuwa mpole," akasema kwa huzuni. "Hakuchagua bosi wala tarishi."

Gaudens alitoka nyuma ya pazia amekunja uso. Lakini mtu hamkasirikii mtani wake. Akithubutu atachekwa hadi Tabora. Akajitahidi kununa, mashavu yakamsaliti, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Sasa heshima yangu nitaiweka wapi, mtani?" aliuliza kicheko kilipomwisha, sauti imeshuka. "Maisha yangu yote ya kazi nimekaa vyumba vya kuchangia. Nilitaka mlango wangu."

Somoe akashusha mikono kichwani. Kila karani alikuwa amempatia upepo, na mwenye nyumba hakumpa hata mlango. Akakiri kwamba hapo amekosea. Wakakubaliana ukuta ubaki na mlango ubaki, ila pazia liondoke, na mbao zikatwe juu na chini upepo upite. Akaitwa Adelard, seremala, na msumeno wake.

Ubao wa kwanza ulipoanguka, karatasi za Mama Anjelina ziliruka mezani. Watu wakapiga makofi. Somoe, aliyeomboleza kwa makelele yote yale bila chozi, aligeukia dirishani akawa anajifuta uso kwa ncha ya khanga.

Gaudens alimwona. Akamsogelea, akasimama naye pale upepo unapopita.

"Wewe Mzaramo vipi?" akamwambia taratibu. "Marehemu kafufuka ndiyo unalia?"