Theluji ya Mwezi wa Tano

Hivi wewe, ukipewa kitu ukaambiwa na wakati wake wa kukitoa, utakitoa wakati mwingine kwa sababu tu umekipamba vizuri? Basi sikia yaliyompata Verna Etsitty, wa kwetu Navaho, sisi tuliokuwa katika nchi hii kabla ya Wazungu, yule ambaye kondoo wake wanajulikana bonde zima kwa kutoroka.

Kwetu hadithi za Mbweha husimuliwa majira ya baridi tu, nyoka na dubu wakiwa wamelala. Radi ya kwanza ikinguruma, midomo inafungwa mpaka theluji irudi. Hata watoto watukutu wanalijua hilo.

Mwaka juzi, theluji ikiwa imefika magotini, alikuja mama mmoja wa kampuni ya vitabu vya shule, Meredith jina lake, viatu vyake vyembamba vimelowa chapachapa. Verna akaviweka karibu na jiko la kuni vikauke, akampa supu ya kondoo na mkate wa kukaanga. Meredith akaeleza kwamba vitabu vya zamani viliwasahau watu wengi. Sasa wanataka kila mtoto akifungua kitabu ajikute humo. Verna akamfikiria mjukuu wake Kaylene, anayesoma mjini, mahali ambapo watoto wengi ni Wazungu. Kitabuni mwake watu wake walikuwa na picha moja tu, wamepanda farasi wanaondoka, kana kwamba hawakurudi tena. Basi Verna akamsimulia Meredith hadithi ya Mbweha, moja fupi ya kuchekesha. Hapa siisemi, maana sijui wewe unasoma mwezi gani.

"Lakini isomwe majira ya baridi, binti yangu. Baridi tu."

"Bila shaka, mama. Baridi. Nimeshika."

Mwaka huu kitabu kikafika, Kaylene akikileta kutoka shuleni. Verna alifuta unga mikononi, akakausha kidole kimoja kimoja, ndipo akakigusa. Hadithi ilikuwa ya mwisho kabisa, ya kusomwa mwezi wa tano, shule zikikaribia kufunga mwaka, imerundikwa pamoja na za watu wengine waliokumbukwa mwishoni. Lakini theluji ilikuwapo! Theluji juu ya miamba, theluji kwenye mkia wa Mbweha, chembe za theluji zimezunguka kila ukurasa kama lesi ya kitambaa cha meza.

"Nilisema baridi," Verna alisema, "nao wakachora baridi."

"Ungesema kiangazi, bibi, wangemvalisha Mbweha miwani ya jua," Kaylene akasema.

Verna alicheka mpaka akakohoa. Halafu akatazama nje, akaacha kucheka. Radi ilikwisha kunguruma tangu mwezi wa tatu, na asubuhi ile ile alikuwa amemfukuza nyoka aliyeota jua kwenye ngazi ya mlango.

Kesho yake akaenda shuleni kwa Kaylene. Mwalimu Holcomb, msichana mpole mwenye chaki mpaka kwenye nyusi, alimvutia kiti.

"Mwalimu, ile hadithi iruke. Waisome theluji ikianguka."

"Theluji ikianguka hawa watakuwa darasa jingine, mama. Na mimi sipangi, wilaya ndiyo inapanga. Mtihani una maswali juu ya huyo Mbweha."

"Basi chukua nyingine yetu."

Mwalimu akafunua kitabu, akakifunga. "Hakuna nyingine. Nikiiruka hii, watu wenu hawamo kabisa." Akashusha sauti. "Umempigia yule mama wa kampuni?"

"Nilipiga. Ameachishwa kazi, na wenzake wote wa kazi ile. Kijana aliyepokea simu ananiambia mambo ya kumweka kila mtu kitabuni yamekwisha, nishukuru yetu iliwahi."

Ukutani palikuwa na karatasi ya rangi, watoto wa kila namna wameshikana mikono.

"Ninachoweza," mwalimu akasema, "ni kumtoa Kaylene. Wenzake wakisoma, yeye akae maktaba. Alama za maswali hayo atazikosa. Samahani, mama."

Verna alipotoa hadithi yake, alitaka mtoto aingie. Sasa alikuwa anaombwa amtoe.

"Mtoe," akasema.

Siku ya kusoma alikwenda kukaa naye, wawili kwenye viti vidogo, magoti ya Verna yakimfika kifuani. Ukuta wa maktaba ni mwembamba. Walisikia zamu zikipita, mtoto huyu akikwama, yule akikimbia. Mmoja akalia kama mbweha, darasa likaangua kicheko pale pale panapochekesha. Verna akajikuta anataka kutabasamu, akajiuma mdomo. Kaylene alikuwa ameinamia meza, midomo inacheza.

"Unasema nini?"

"Sisemi kitu."

Makofi yakalia. Mlango ukafunguka, watoto wakamwagika koridoni.

"Kaylene, umekosa!" mmoja akapiga kelele. "Hadithi ya kwenu tamu! Ila mwalimu lile jina la mlima amelitamka kama anapiga chafya. Ulikuwa wapi wewe?"

"Kaadhibiwa," mwingine akasema.

"Sikuadhibiwa," Kaylene akasema, lakini walikwisha kupita.

Ndani ya pikapu Verna hakuwasha injini. Alimmenyea chungwa, akaondoa nyuzi zote nyeupe kama anavyopenda. Mtoto akalishika tu.

"Theluji ikianguka nitakusimulia vizuri, taratibu, na sauti zote."

"Najua, bibi."

"Umenikasirikia?"

"Hapana."

"Sema tu, mwanangu. Mimi si mwalimu."

Kaylene alitazama madirisha ya darasa lake, wenzake wakifunga mabegi.

"Nilitaka kuisoma mimi," akasema. "Nisimame mbele, wote wanitazame, niwaambie hii ni yetu."