Punda Asiyejua Kuficha Uchovu

Kisa hiki ni kweli tupu, mwanzo hadi mwisho. Nilikiona kwa macho yangu mawili, ingawa la kulia lina mtoto wa jicho, na atakayebisha akamwulize punda mwenyewe.

Kilianzia mezani kwa binti yangu, mwalimu wa Kiingereza, aliyekuwa akisahihisha mitihani huku nikimhadithia. Alipoona soga limenikolea, aliweka kalamu chini.

"Baba, unajua Waingereza wanamwitaje mtu msumbufu? Maumivu ya shingo."

"Kwa nini shingo?"

"Sijui. Tena husema anawapandisha wenzake ukutani. Na mwenye domo kama lako, eti huongea mpaka mguu wa nyuma wa punda ukang'oka."

Alikusudia kuninyamazisha, masikini. Badala yake alinipa fumbo. Shingo niliielewa upesi: sisi mtu akituchosha tunasema anatuumiza kichwa, na shingo ni jirani wa kichwa. Ukuta nao niliuelewa. Nimeshaona watu wakitafuta dirisha nikiwa katikati ya kisa. Lakini mguu wa punda? Tena wa nyuma? Wa mbele ulikuwa na kosa gani?

Nikalipeleka swali hilo kwa kinyozi. Miaka thelathini na moja nilikuwa fundi wa lifti, na abiria waliokwama nami kati ya ghorofa ya nne na ya tano walinisikiliza kwa adabu zote, maana hawakuwa na pa kukimbilia. Tangu nistaafu, benchi la kinyozi ndilo mahali pekee nilipobakiwa na masikio ya watu.

Siku hiyo kinyozi alinipokea na mkasi mkononi, uso umemshuka.

"Mzee wangu, kaa nikwambie. Jana ulipokuwa unasimulia ile lifti iliyotoboa paa ikapaa, mteja wangu aliondoka na nusu ya ndevu."

"Alikuwa na haraka."

"Haraka ya kukukimbia wewe! Unatuchosha, mzee wangu. Watu wanakustahi tu, ndiyo maana hawasemi. Mimi nasema: kuanzia kesho benchi hili ni la wateja."

Nikatazama nje.

"Basi kesi tumpe hakimu asiyejua kumstahi mtu," nikamwambia, nikimwonyesha punda wa mbeba matofali aliyesimama nje, amefunguliwa mkokoteni, hana hata kamba. "Kesho saa nne nitamsimulia kisa kimoja. Akibaki mpaka mwisho, benchi ni langu na domo ni langu. Akinichoka, nitakaa hapa mwezi mzima bila kutamka neno."

"Mwezi mzima? Wewe? Utapasuka!" Lakini alinipa mkono.

Kesho yake nilivaa koti langu la kazi, lile lenye mifuko mipana. Watu walijaa, mwenye punda akaketi juu ya matofali yake. Nikaanza kisa cha bwana harusi aliyekwama ghorofa ya ishirini na moja huku bibi harusi akimngoja chini, nami nikimpandia kwa ngazi. Punda akasogea. Nilipofika ghorofa ya tisa, pua yake ilikuwa imenigusa kiuno, kichwa amekiinamisha kama anayenipa pole.

"Hajawahi kunisikiliza mimi hivyo," mwenye punda akanong'ona, "na mimi ndiye ninayemlisha."

Hata mimi nilianza kujiamini. Ndipo punda akageuka taratibu, akanipa mgongo. Nikaendelea kuongea na mkia, maana ghorofa kumi na mbili zilikuwa bado. Na hapo, nikiyahutubia makalio ya mnyama, nikauona mguu wa nyuma, mbele yangu kabisa, na nikajua kwa nini Waingereza waliuchagua. Anayeongea mno hubaki anaongea na upande huo. Nikawakumbuka abiria wangu wa lifti. Nilipowakumbuka vizuri, wote walikuwa wamegeukia mlango.

"Bado yupo!" nikapaza sauti. "Amegeuka tu!"

Kinyozi akamzunguka punda, akarudi amejishika mbavu. "Mzee wangu, hakimu wako ana pumba mpaka kwenye kope."

Akaupindua mfuko wa koti langu. Ulikuwa umelowa mate, na pumba chache zilizosalia zikanimwagikia viatuni. Watu waliangua kicheko mpaka punda akashtuka, akaenda zake.

Sikubisha. Nilianza kulipa mwezi wangu wa kimya siku ileile.

Wiki ya pili, mwenye punda alikuja kunyolewa.

"Punda wangu," akasema, taulo shingoni, "kuna nyumba moja haipiti. Umpige, umbembeleze, husimama tu mlangoni akichungulia ndani, kama anangoja kuitwa. Na nyumba yenyewe ni tupu."

Ulimi uliniwasha. Tupu tangu lini? Nani aliishi humo? Tena mimi nilikuwa na kisa cha nyumba kali kuliko hiyo, yenye ngazi zinazohama! Nikainua mkono kama mwanafunzi. Kinyozi akanitazama kwenye kioo, akatikisa kichwa.

Mwenye punda naye alikuwa amekaza macho sakafuni. Nikateleza juu ya benchi mpaka karibu kabisa na kiti chake, nikaegemeza kidevu viganjani.

Mwenye punda akanigeukia.

"Hili sijawahi kumwambia mtu," akasema, na kinyozi akaushusha wembe.