Kahawa Imekufa

Pale kijijini kwetu, juu ya Mbinga mjini, wananiita Sista, na wanaoniita hivyo hucheka. Nilikaa miaka mitatu kwa masista, nikarudi nyumbani na mambo mawili tu: kuotesha miti na kusema sana. Mdogo wangu Pankras alidai hili la pili nilikwenda nalo. Jina langu ni Walburga. Sikuolewa, na mke wa Pankras alipofariki nilihamia kwake kumlelea watoto wawili, Jacqueline wa miaka saba na Placidi wa miaka mitano.

Marehemu aliitwa Tadea. Alikuwa Mnyasa wa Liuli, binti wa ziwani aliyejua samaki na mihogo. Mwaka alioolewa alipanda mche mmoja wa kahawa nyuma ya jiko, karibu mno na ukuta, nasi wote tukamcheka. Mche ule ukaota kuipita mibuni yote ya shambani, naye Tadea akatucheka sisi mpaka alipokufa.

Mwaka tisini na tano kahawa ilikuwa imekufa. Ndivyo kila mtu alivyosema. Chama cha ushirika kilikuwa kimeanguka, dawa na mbolea za mkopo hazikuja tena, na wanunuzi binafsi walifika walipotaka, wasipotaka hawakufika. Watu waling'oa mibuni wakapanda mahindi, jambo ambalo zamani lingekufikisha kwa mtendaji wa kata. Pankras hakung'oa, ila aliyaacha magugu yapande mpaka kiunoni. Kila jioni akinawa mikono kwa ajili ya ugali alirudia yale yale.

"Kahawa imekufa, dada."

"Basi izike, tupumue," nilimjibu.

Watoto walikuwa hapo hapo kwenye mkeka, wakila na kusikia.

Mwezi wa kumi na moja akaja Bartholomayo, rafiki yake tangu shule, na habari za Tunduru. Huko watu walikuwa wanachimba mawe ya rangi, kijani na buluu, na walioyapata walirudi na baiskeli mpya na redio. Wakapanga kuondoka siku inayofuata Krismasi. Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka nje. Nilimwambia mashimo ya Tunduru yanameza watu.

"Mmatengo haogopi shimo, dada," akasema. "Nimezaliwa kwenye ngolo."

Ngolo ndiyo mashimo yetu ya kulimia huku milimani. Hatuchomi nyasi sisi. Tunazikata, tunazilaza, tunazifukia, zinaoza na kulisha mahindi, na mvua ikinyesha mlima haushuki. Shimo la ngolo hukufika gotini, nikamwambia, halijawahi kumzika mtu.

Kisha akasema neno nililolishika kwa mikono miwili. "Kitu kimoja tu kinanizuia. Kila nikitoka asubuhi nauona ule mbuni wa Tadea, naona kama ananiuliza ninakwenda wapi na watoto namwachia nani. Sijapata jibu."

Nikamwomba Mungu Pankras asilipate. Nikaamua Krismasi ile nyumba yetu iwe na raha ya kumfunga mtu miguu.

Wiki ya pili ya Desemba nilishuka mjini na watoto kununua chumvi na sabuni. Dukani kwa Mzee Ausi palikuwa na kitu kipya: mti wa Krismasi wa plastiki, wenye taa zinazowaka na kuzimika. Watoto wakasimama mbele yake midomo wazi, Placidi akasahau hata kumwamkia mwenye duka.

"Huu, Sista, hauozi," Mzee Ausi akanisifia bidhaa yake. "Utautumia mpaka hawa nao wawe na wajukuu."

"Ndiyo maana siutaki, Mzee wangu. Kisichooza kitamlisha nani? Mtoto Yesu alilazwa kwenye nyasi."

Mzee akacheka, akawapa watoto pipi moja moja. Walizinyonya huku wanalia njia nzima ya kupanda mlima. Mwishowe Jacqueline akasema, basi angalau tukate mti mchanga kule kwenye chemchemi, kama jirani zetu kina Othmar.

Hapo nikawaka. Ile miti tuliipanda sisi, na parokia, kulinda maji. Kila Krismasi watu waliikata michanga wakaisimamisha sebuleni wiki moja, kisha wakaitupa, na kila mwaka chemchemi ilipungua. Kiangazi kile tulikuwa tumechota kwa kikombe. Nikawasimamisha watoto njiani kwenye matope, nikawapa sheria yangu huku nimenyoosha kidole.

"Kilicho hai tunakiacha. Kilichokufa tunakitumia. Mmesikia? Mti wetu utakuwa mti uliokufa. Semeni."

"Mti uliokufa," wakasema wote wawili.

Nilijiona mwalimu hodari siku hiyo. Mdomo huponza kichwa, wahenga hawakukosea, ila wangu ulikiacha kichwa changu salama ukaponza vya wengine.

Siku zilizofuata zilikuwa nzuri, na ni vigumu kwangu kuzisimulia. Maganda makavu ya mahindi tuliyapasua tukafunga nyota. Bibi yao wa Liuli alituma usipa, dagaa wetu wa Nyasa, na ndani ya kifurushi aliweka magamba ya konokono wa ziwani, meupe, ya kuchezea wajukuu. Tuliyatoboa tukayatunga kwa uzi wa katani. Kwa udongo wa mtoni tulifinyanga pango, Yosefu, Maria na kondoo. Jioni moja Pankras mwenyewe akakaa chini, akafinyanga ng'ombe. Alimfinyanga vibaya, mguu mmoja ukawa mrefu, watoto wakamwita ng'ombe kilema na kucheka mpaka Placidi akakohoa. Pankras naye alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu msiba. Siku ile hakutaja Tunduru, nami nikaanza kutumaini.

Mkesha wa Krismasi, asubuhi, mimi na Pankras tulikwenda parokiani kuungama. Niliwaambia watoto tawi kavu nitawatafutia nikirudi. Mstari wa kuungama ulikuwa mrefu, mvua ikatushika njiani, tukafika nyumbani saa tisa.

Watoto walikuwa wamesimama mlangoni, wameloa, wanang'aa kwa furaha. Jacqueline alificha mikono nyuma.

"Fumba macho, Baba," Placidi akasema. "Na wewe Shangazi."

Tulifumba. Walituvuta ndani kwa nguo. Tulipofumbua, mbuni wa Tadea ulikuwa umesimama katikati ya sebule, ndani ya ndoo iliyojazwa mawe, kilele chake kimepinda kwenye dari. Nyota zetu zilining'inia humo, na magamba ya ziwani, na katikati yake, kwenye kila tawi, kahawa mbichi imejaa vichala kwa vichala.

"Umekuja na mapambo yake," Placidi akasema.

Nilimtazama Jacqueline, akatoa mikono: viganja vimefura malengelenge ya panga. Alikuwa ameukata kwa chini, unene wa kifundo cha mkono wangu, asubuhi nzima.

"Nani amewaambia?" Pankras akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Shangazi alisema tutumie uliokufa," Placidi akajibu. "Na wewe unasema kila siku kahawa imekufa. Jacqueline alisema mbona una majani. Mimi nikamwambia Baba ndiye mwenye kahawa, Baba anajua."

Nilitaka kusema kitu. Mimi, Walburga, nilitafuta neno nikalikosa. Nilimwona Pankras akigusa jani moja, kisha akatoka kwa mlango wa nyuma. Alisimama mbele ya kile kisiki mvua ikimnyeshea, nami nikamfuata na kanga kichwani.

"Pankras, unajua kisiki cha mbuni huchipua. Bwana shamba alitufundisha wote. Mwakani utakuwa na machipukizi."

"Najua, dada."

"Basi?"

"Utakaochipua haukupandwa na Tadea." Akapangusa maji usoni. "Sasa hakuna anayeniuliza."

Akarudi ndani. Alichuchumaa mbele ya watoto, akawaambia mti ni mzuri, mzuri kuliko wa Mzee Ausi. Hakuwapiga, hakuwakaripia. Afadhali angepiga, angenipiga hata mimi. Siku ya Krismasi tulikula wali na kuku, akamsaidia Placidi kusogeza ng'ombe kilema karibu na Mtoto Yesu. Asubuhi ya pili yake aliondoka na Bartholomayo na begi moja. Nilimsihi mpaka njia panda, na hapo nikarudi, maana watoto walikuwa wanalia nyuma yangu. Majani ya mbuni yalikuwa yameanza kunyauka sebuleni, na kahawa changa inadondoka sakafuni moja moja.

Watu wanasema soko huria ndilo lililompeleka Pankras Tunduru. Ni kweli. Lakini mimi ndiye niliyekuwa na sheria ya mti uliokufa, na hilo silibebi na mtu mwingine.

Masika kisiki kikachipua. Yalitoka machipukizi saba. Niliwaita watoto nikawaonyesha, na Placidi akapiga makofi, akasema kahawa imefufuka, tumwandikie Baba. Tuliandika. Nilipunguza machipukizi nikaacha mawili yaliyonyooka, kama tulivyofundishwa, tukayawekea nyasi chini. Kiangazi kilipoanza, Jacqueline na Placidi walipangiana zamu ya kuyamwagilia kwa kopo. Barua haikujibiwa.

Mwezi wa saba Bartholomayo alirudi, amekonda, bila baiskeli wala redio. Aliniamkia akakaa chini kabla sijamkaribisha. Alisema shimo liliporomoka mchana, watatu wakiwa ndani, na Pankras alikuwa wa chini kabisa. Walichimba siku mbili. Kisha wenye shimo wakasema basi, udongo unaendelea kushuka, na padri akaitwa akaombea pale pale juu. Hakukuwa na mwili wa kuleta. Alileta shati na barua yetu, imekunjwa mara nne. Ilikuwa imefunguliwa.

Tulikaa matanga bila kaburi. Siku ya tatu, wanawake wakiwa jikoni, Placidi alikuja akasimama mbele yangu. Jacqueline alikuwa nyuma yake, na nilijua ni wote wawili wanaouliza.

"Shangazi, Baba amekufa kweli, au amekufa kama kahawa?"

Ningeweza kumwambia habari za mbinguni. Kwa masista nilijifunza maneno mengi ya kuwaambia watoto, na pengine ni ya kweli. Lakini maneno yangu yalikuwa yamekwisha kutufikisha pale.

"Kweli, mwanangu," nikasema. "Baba amekufa kweli."

Akatikisa kichwa kukubali, akachukua kopo pale mlangoni, akazunguka nyuma ya jiko, maana siku hiyo ilikuwa zamu yake.