Wekundu wa Dada Mkubwa

Saa moja na robo asubuhi, kama siku zote, Dada Mkubwa alifunga hewa ya tangi la tatu. Alizungusha valvu kwa mikono miwili, akaweka kiganja juu ya bomba mpaka lilipoacha kutetemeka, kisha akaangalia saa yake ya mkononi yenye kioo kilichopasuka. Dakika kumi za hewa, nusu saa ya kimya. Maji taka ya mji mzima yalitulia chini ya miguu yake, na wekundu wakaanza kupanda kutoka chini, taratibu, kama mtu anayeamka bila kuitwa.

Kwa kazi aliyoajiriwa, valvu ile haikumhusu. Kwenye karatasi za kituo alikuwa msafishaji: kuopoa taka kwenye chujio la kuingilia, kupiga maji njia za saruji, kufuta vyuma vya ngazi. Jina la Dada Mkubwa alipewa na mdogo wake, aliyekuja kituoni miaka sita iliyopita akiwa mkemia, koti jeupe bado lina mikunjo ya dukani. Siku ile ya kwanza alimwona dada yake ameshika ufagio, akamkimbilia mbele ya watu, "Dada! Huyu ndiye dada yangu mkubwa!" Kituo kizima kikalidaka jina, hata Meneja, ambaye alimzidi umri kwa miaka kumi na miwili.

Kukimbiliwa kulimstahili. Mama yao alipofariki, mkubwa alikuwa na miaka kumi na mitatu na mdogo minne. Mkubwa akaacha shule, akambeba mdogo mgongoni, na jioni akamfundisha kuandika jina lake kwa mkaa kwenye sakafu ya jikoni, amemshika mkono, herufi moja moja.

Wekundu, vijidudu vinavyoishi kwenye maji taka, walikuwepo kabla ya mkemia. Dada Mkubwa aliwaona kwenye kona ya tangi la tatu, mahali ambapo bomba la hewa lilikuwa limepasuka na hewa haifiki. Wenzake walisema ni kutu. Yeye aliinama, akanusa, akaona kwamba maji ya kona ile hayakuwa na ule ukali wa mkojo unaochoma macho. Akachota ndoo moja, akaifunika, akaiweka nyuma ya chumba cha jenereta ambako ukuta haupoi. Baada ya wiki mbili, utando mwekundu uliotanda chini ya ndoo ulikuwa umeongezeka upana wa ukucha tu. Walikuwa wazito wa kuzaana kuliko viumbe wote aliowahi kuwafuga, na aliwahi kufuga kobe.

Njia ya zamani ya kituo ilikuwa kuyapulizia maji hewa kutwa kucha, kwa mashine nne zilizokula umeme wa mtaa mzima. Wekundu hawakutaka vishindo hivyo. Walitaka hewa kiduchu, kisha waachwe. Walichokila, ambacho mkemia alikuja kumwambia kinaitwa naitrojeni na kwamba kikifika mtoni kinawanyima samaki pumzi, walikigeuza viputo vidogo visivyomdhuru mtu. Ukiwapulizia sana, wanasusa. Haya yote Dada Mkubwa aliyaandika kwenye daftari, na mdogo wake alipokuja akampa daftari lenyewe bila hata kulifungia gazeti. Hakufikiri mara mbili. Cha mmoja wao kilikuwa cha wote tangu siku za mgongoni.

Miaka sita baadaye, mashine tatu kati ya nne zilikuwa zimezimwa, na makao makuu yakaleta wageni pamoja na kibao cha shaba.

Asubuhi ya wageni, mkemia aliagiza mashine zote nne ziwashwe.

"Usiwapulizie hivyo, mdogo wangu," Dada Mkubwa alisema. "Unawajua."

"Nusu saa tu, Dada. Hawa watu hawawezi kusafiri siku nzima waje kuangalia maji yaliyolala."

Tangi likachemka kama sufuria iliyosahaulika jikoni. Wageni walifurahi sana, wakapiga picha. Kisha mkemia akasimama mbele ya kipaza sauti akiwa na daftari mkononi, sasa limevalishwa jalada la ngozi, akasoma. "Nilipowaona mara ya kwanza nilidhani ni kutu." Watu wakacheka kwa adabu. "Hawataki kuharakishwa." Watu wakatikisa vichwa. "Leo nimewakuta wamevimba kidogo. Nimefurahi." Wakapiga makofi. Dada Mkubwa, aliyekuwa kando na ndoo na kitambaa, aliikumbuka siku aliyoandika maneno yale, mvua ilivyokuwa inanyesha, na jinsi alivyokosa mtu wa kumwambia. Hata furaha yenyewe ilikuwa imechukuliwa.

Mgeni mmoja mwenye viatu vyeupe alimtazama. "Na huyu ni nani?"

"Mama wa usafi wetu," mkemia alijibu, uso mkavu, akaendelea kuwaonyesha njia.

Dada Mkubwa alifuta nyayo za wale wageni kwenye ngazi, kwa sababu saa za kazi zilikuwa hazijaisha. Alilia pia, lakini alilia akiwa anafuta, na kazi haikulala.

Jioni, alipofungua bomba la jikoni kwake apate maji ya kupikia, walitoka wekundu. Walishuka kwanza kama uzi, kisha wakajaza sufuria, na alipofunga bomba waliendelea kutoka. Aliyapima maji kwa kiwiko, kama anavyopimiwa mtoto maji ya kuoga, akaona yanawafaa. Akaleta beseni. Akaleta pipa la maji ya mvua, ndoo tatu na birika. Kufika saa moja usiku walikuwa wamekwisha kujipanga, na kilichobaki kitupu kilikuwa kijiko cha chai.

Jirani yake, fundi cherehani, alikuja kuazima kiberiti akachungulia jikoni.

"Wamekuja kukaa au wanapita?"

"Sijawauliza."

"Basi njoo upikie kwangu," fundi akasema, akaenda zake na kiberiti.

Kituoni, tangi la tatu liliamka jeupe kama maji ya kuoshea mchele. Vipimo vya maabara vilipanda kila siku. Mkemia akawasha mashine zote, safari hii si kwa ajili ya picha, na taa za mji zikafifia kila zilipoanza kuunguruma. Siku ya tano, samaki wa mtoni walipanda ukingoni, wakakaa kwenye nyasi mpaka jua lilipokuwa kali, kisha wakarudi majini kwa zamu. Wanawake waliokuja kufua waliwapisha.

Siku ya sita mkemia alifika kwa dada yake na gari la ofisi. Dereva alibaki nje akisoma gazeti. Mkemia alisimama katikati ya jikoni, akatazama pipa, beseni na birika.

"Dada, warudishe."

"Sikuwaita. Nitawarudishaje?"

"Unataka nini?"

"Unakijua."

Mkemia alikunja mikono ya koti. Alichukua ndoo iliyojaa wekundu, akaibeba kuelekea kwenye gari. Alipovuka kizingiti cha jikoni, maji ya ndoo yalikuwa meupe, na pipa ndani limeongezeka kiasi kile kile. Alirudi akajaribu tena, kisha tena. Mara ya nne aliiweka ndoo chini, akaketi kwenye kigoda alichokalia utotoni, na sauti yake ikawa ndogo.

"Ni wako, Dada. Daftari ni lako, kazi ni yako. Mimi na wewe tunajua."

Dada Mkubwa aliiokota ndoo ile. Alimjazia ndoo mwenyewe. Safari hii wekundu walivuka kizingiti, wakavuka ua, na walipofika kwenye geti walikuwa bado wekundu kama nyanya. Hapo kwenye geti dereva alikunja gazeti.

"Ndiyo hao? Kumbe ni wa mama yetu huyu?"

Ilikuwa hatua moja tu kufika kwenye gari, na jibu lilikuwa neno moja. Dada Mkubwa, aliyesimama nyuma, aliona mabega ya mdogo wake yakikakamaa chini ya koti jeupe.

"Ni wangu," mkemia alisema. "Mama wa usafi alikuwa ananihifadhia."

Ndoo ikawa nyeupe. Aliimwaga kwenye mfereji, akaingia garini na hakuangalia nyuma.

Baada ya hapo Dada Mkubwa angeweza kuwafungia watu wote wa kituo mlango. Alikata kauli hivyo, na akakaa nayo siku nne. Lakini nyumba ya mtu mmoja haina mkojo wa kulisha umma. Fundi cherehani alijitolea, na wateja wake wawili watatu, ila haikutosha. Siku ya nne wekundu walianza kupauka. Ukiweka sikio kwenye pipa, viputo vilisikika kimoja kimoja, kwa mbali. Usiku ule aliwakoroga kwa mkono na kuwaomba radhi, kwa kuwa wao hawakumkosea.

Asubuhi Meneja alikuja na ramani na karatasi ya kusaini. Mkemia alikuwa amependekeza bomba: maji taka yote ya mji yatoke kituoni, yapite jikoni kwa Dada Mkubwa, yatokee mtoni. Mashine tatu zingezimwa tena. Urefu ulikuwa kilomita moja na nusu, kupitia barabara mbili, uwanja wa mpira na ukuta wa shule.

"Kuna njia fupi zaidi," Dada Mkubwa alisema. "Aje aseme sentensi moja hapo getini."

"Nilimwambia, Dada Mkubwa," Meneja alijibu, na kweli alionekana ameona haya. "Amesema bomba ni rahisi."

Dada Mkubwa alisaini kwa ajili ya matumbo ya wekundu, si kwa ajili ya mtu. Wachimbaji walimaliza kwa wiki tatu. Maji yalipoingia, wekundu waliwaka jikoni kote mpaka ukuta ukapata rangi ya jioni, na samaki mtoni wakaacha kukaa kwenye nyasi. Fundi cherehani alilalamika kidogo kuhusu barabara iliyochimbwa, kisha akazoea.

Kanuni zinasema kibao lazima kikae penye mtambo. Kikaletwa, kikapigiliwa misumari minne kando ya mlango wa Dada Mkubwa. Kinasema nani aligundua wekundu, kwa herufi kubwa. Wageni huja mara mbili kwa mwezi. Mkemia huwapitisha sebuleni, huwaonyesha pipa, na mmoja wao lazima aulize huyu aliyesimama kando ni nani. Jibu halijabadilika. Wekundu hutulia palepale jikoni, kwa kuwa wamekwisha fika walikotaka kuwa.

Saa moja na robo asubuhi Dada Mkubwa anafunga hewa pale jikoni kwake, anaweka kiganja juu ya bomba, anangoja. Kisha anachukua kitambaa na kwenda mlangoni, maana kufuta kibao kumeongezwa kwenye orodha ya kazi zake. Anaanza na jina. Analifuta herufi moja moja, kutoka kushoto, kama alivyomfundisha mwenye jina kuliandika.