Jongo la Baba Ruthi

Kila penye sherehe ya mbuzi, kesho yake Asheri aliamka na dole gumba la mguu limevimba. Kambi nzima ya wakata mkonge kule Mwera ililijua jongo lake. Mkewe, Beatrisi, hakumwonea huruma.

"Mguu wako una masikio, Baba Ruthi. Supu ikichemka kwa jirani, wewe ushavimba."

"Na mdomo wako je, Mama Ruthi? Mbona wenyewe hauchoki?"

Wakicheka hivyo hivyo mpaka jongo linapoa, mtu anarudi kazini.

Safari hii, baada ya ubatizo wa mtoto wa Noa, Asheri alichoka kungoja. Juu ya kiungo cha lile dole palikuwa na kinundu cha miaka, kigumu kama kokoto. Akachukua mwiba wa mkonge, akakitoboa. Kikatoka kitu cheupe kama chokaa.

"Nimeling'oa na mizizi yake!" akajisifu, na wenzake wakampigia makofi.

Haukupita muda mguu ukavimba hadi kifundoni, unang'aa, ukiugusa ni kama sufuria iliyotoka jikoni. Asheri akatetemeka chini ya blanketi, na nje jua linawaka. Jirani yao Uweso akachungulia mlangoni.

"Jongo tu hilo, shemeji. Mfichie mbuzi, atapona."

Beatrisi akacheka. "Umesikia, Baba Ruthi? Nikuletee bakuli la supu, au kamba nikufunge usiifuate?"

Asheri hakujibu. Alikuwa anatazama paa.

Kicheko kikamkauka Beatrisi. Kwa jongo, siku zote mume huyu alilia, akatukana, akamlaani na mbuzi mwenyewe. Lakini kuacha neno la mkewe lipite hivi hivi? Hata siku moja.

"Uweso, kamwite dereva wa lori la katani."

"Kwa jongo, shemeji?"

"Jongo halijapata kumnyamazisha huyu. Kimbia!"

Hospitali, daktari alitia sindano kwenye kiungo, akavuta usaha.

"Jongo analo kweli, mama. Lakini na uchafu umeingia humo humo kwa mwiba wake. Mngengoja lipoe lenyewe, mguu tungeukata, kama yeye mwenyewe angekuwapo."

Akachomwa penisilini asubuhi na jioni. Beatrisi alikaa ubavuni pake, utani wote umemwishia, akiutazama ule mguu kama mtoto mchanga. Hata asubuhi moja, akikoroga uji, akasikia sauti ya kukwaruza:

"Ile supu... umeinywa peke yako?"

Beatrisi akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Kunywa uji, mzee. Na ukishika mwiba tena, mguu huo nitaukata mimi."