Sheria ya Jimbo la Pili

...na Miska bado anasema, simu imemganda Mwadini sikioni hapa kituo cha basi cha Thornton Heath, London, dada yake yuko Michenzani analia, "wamemuweka ndani mwanangu, kwa bastola yake mwenyewe, kainunua kihalali, ilikuwa garini tu," naye anaitikia mm, mm, kama mtu asiyejua kitu... Rajab anapeleka vifurushi huko Marekani, alishaporwa mara mbili, akanunua bastola, akamwandikia, mjomba nisomee hii sheria, naruhusiwa kuiweka garini? maana katika ukoo wao kila karatasi ya Kiingereza husomwa na Mwadini, karani wa halmashauri, miaka thelathini London, na Mwadini akausoma ule ukurasa huku anakula sandwichi, garini ruhusa, na risasi zake, kwenye droo ya dashibodi, bila kibali, akamjibu kwa ujumbe wa sauti, weka tu, sheria iko wazi... na ilikuwa wazi, kwa jimbo lile, jina la jimbo lilikuwa juu kabisa ya ukurasa na aliliona, lakini nchi si moja? hapa sheria ya bunduki ya mji wa Croydon ndiyo ya mji wa Leeds, nani angefikiri kwamba ukivuka daraja kuingia jimbo la pili, na kifurushi kimoja cha kufikisha ng'ambo, bastola ileile inatakiwa itolewe risasi, ifungiwe kwenye buti la gari... "Wakili kamuuliza nani kakwambia inaruhusiwa," Miska anasema, "Rajab kasema hakuna, ni ujinga wangu, sasa kweli, Mwadini, si angekuuliza wewe?"... hakuna, kasema hakuna, kijana yumo kwenye pingu anamlindia mjomba wake heshima, na ule ujumbe upo humu humu kwenye simu, sekunde kumi na moja, labda wakili angeuhitaji, labda hakimu angesikia kwamba alijaribu kuuliza, na Michenzani nzima ingesikia pia, harusini, msibani, yule ndiye aliyemsomea Rajab... "Mwanangu mpumbavu," Miska anasema, "mpumbavu, kanitia aibu," na neno hilo Mwadini hawezi kuliacha lipite, si kwa Rajab... "Upo?" "Nipo, dada." Watu kwenye foleni wanasogea hatua moja, wanasimama tena, naye hajiulizi tena kama atasema, anatafuta tu pa kuanzia, aliniuliza, dada, Rajab aliniuliza...