Kilio cha Obdulia Kwenye Ukungu

Mtumbwi ulimlalia Nicolasa miguu, maji yakimfika kifuani, na mvua iliyonyesha milimani ilikuwa ikizidi kuujaza mfereji. Mama yake, Obdulia, alisukuma mpaka kucha zikang'oka. Wapi! Mtumbwi ulijaa tope la kuoteshea miche. Akavua sketi iliyokuwa ikimnasa miguuni, akabaki na gauni jeupe la ndani, nywele zimefumuka mgongoni.

"Shika mzizi huo, usiuachie! Naenda kuita watu!"

Ukungu wa jioni ulikuwa umezifunika bustani zote za mji wa mifereji wa Xochimilco. Maskini mwanamke wa watu akatimua mbio akilia, "Mwanangu! Jamani, mwanangu!"

Haya, nani atamfungulia? Pale kila mtu amekuzwa na habari za Llorona, mzimu wa mwanamke aliyewazamisha wanawe na sasa anazunguka mifereji kwa gauni jeupe akiwalilia. Na wote wanajua tabia yake: ukimsikia mbali, yuko karibu, ukimsikia karibu, yuko mbali.

Jirani yake, don Crispín, alisikia kilio kwa mbali akaruka kitini. "Refugio, komea! Yuko mlangoni!"

Obdulia alipofika, akaugonga mlango kwa ngumi huku akilia kwa nguvu zote, don Crispín akashusha pumzi. "Afadhali. Sasa ameshafika mbali."

Mkewe Refugio akachungulia dirishani, akaona gauni na nywele. "Mama yangu wee!" Akaanza kusali.

"Fungueni, mwanangu anakufa!"

"Nenda zako kwa amani, mama," don Crispín alijibu kutoka ndani. "Wanao hawapo hapa."

Obdulia aliona dunia imemwishia. Kumbe kilio chake ndicho kilichomfungia mlango! Hasira zikampanda.

"Crispín, mwizi wa bata wewe! Bata wangu wa Pasaka ulimla, manyoya ukayafukia bandani, unadhani sijui? Toka nje, mwoga mkubwa, unajificha nyuma ya mkeo!"

Sala ikakatika. Kisha Refugio akasema, "We mwanaume, huyo ni Obdulia. Mzimu gani utauliza habari za bata?"

Komeo likafunguliwa.

Wakakimbia wote watatu, lakini ukungu ulikuwa umezidi na mifereji yote ilifanana. "Mwanangu!" Obdulia aliita. "Mwanangu, uko wapi?" Hakuna jibu. Akaita tena mpaka sauti ikakauka. Hakuna.

"Amezama," alisema.

Don Crispín akamshika mkono. "Acha kulia, Obdulia. Hata mwanao ni mtoto wa hapa hapa. Mgombeze!"

Obdulia akameza machozi. "Nicolasa! Mtoto mkaidi wewe! Nani alikutuma kuchezea mtumbwi? Ngoja nikukamate, leo utanitambua!"

Upande wa kushoto kikasikika kisauti chembamba. "Nisamehe, mama. Sirudii tena."

Walimkuta maji yamemfika kidevuni, mikono imeganda kwenye mzizi. Wanawake wakaunyanyua mtumbwi kwa mabega, don Crispín akamvuta. Obdulia akamkumbatia, akilia sasa bila kujali anasikiwa na nani.

"Mbona hukuitika, mwanangu? Mbona umeniua hivi?"

"Kulikuwa na mwanamke analia, mama," Nicolasa alinong'ona, meno yakigongana. "Nikanyamaza asinichukue."

Obdulia hakumwambia mwanamke huyo alikuwa nani.